Episodi mbovu za Star Trek: utafute nini ndani yake, na lini uachane nazo

«Mimi na mdogo wangu wa miaka 16 tunaangalia Star Trek, tamthilia ya Marekani ya safari za anga za juu, kwa mpangilio, tangu ile ya 1966. Misimu miwili ya mwanzo ilitunasa. Juzi tumeanza msimu wa tatu kwa "Spock's Brain", ile ya ubongo kuibiwa. Mdogo wangu alicheka mpaka akatoka sebuleni, nami nikaona aibu kana kwamba nimeitengeneza mimi. Rafiki yangu aliyeziona zote anasema hata zile mbovu zina mazuri yake, ila akiulizwa ni yapi hana jibu. Tena ananionya kwamba huko mbele kuna "Threshold" na "Code of Honor", ambazo eti ni balaa zaidi. Niruke? Nivumilie? Na kama mazuri yapo kweli, nitayaonaje bila kujidanganya? Nauliza pia kwa sababu najifunza kuandika miswada ya filamu fupi.»

Ndugu msomaji, nianze na lile la kuruka, maana ndilo jepesi. Kwa sehemu kubwa, kuruka hakutakugharimu kitu. Star Trek ya kwanza ina episodi 79, zilizorushwa na kituo cha NBC kati ya Septemba 1966 na Juni 1969, na karibu kila moja inajitegemea. Televisheni ya Marekani ya wakati ule iliishi kwa marudio, na marudio yalipangwa vyovyote kituo kilivyotaka. Kwa hiyo kila hadithi ilipaswa kuwaacha Kapteni Kirk, msaidizi wake Spock na daktari McCoy pale pale ilipowakuta. The Next Generation, tamthilia ya Star Trek iliyofuata miaka ya 1980, nayo inafuata desturi hiyo kwa kiasi kikubwa. Ukifika misimu ya mwisho ya Deep Space Nine, tamthilia nyingine ya ukoo huo, ndipo kuruka kutakukatia uzi. Basi usikae na episodi mbovu kwa hofu ya kupotea njia. Kaa nayo kama kuna unachotaka kujifunza humo, na wewe unayeandika miswada unacho.

Aibu uliyoiona inatokana na dhana moja ambayo watu wengi wanayo: kwamba kazi mbovu imefanywa na watu wabovu. Muswada wa "Spock's Brain" umeandikwa na Lee Cronin, na hilo ni jina la bandia la Gene L. Coon. Coon ndiye aliyeandika "The Devil in the Dark" ya Machi 1967, ile ya zimwi la mgodini ambalo mwishoni tunagundua ni mama anayelinda mayai yake. Wengi huiweka miongoni mwa episodi bora kabisa za tamthilia nzima. Aliyeongoza "Spock's Brain", Marc Daniels, ndiye aliyeongoza "The Man Trap", episodi ya kwanza kabisa kurushwa. Waigizaji ni wale wale. Kipaji hakikuwahama wakati wa likizo kati ya msimu wa pili na wa tatu.

Kilichobadilika ni mazingira ya kazi. Msimu wa tatu ulipangiwa Ijumaa saa nne usiku, saa ambayo vijana waliokuwa wakiipenda tamthilia hii wako nje ya nyumba. Bajeti ilipunguzwa. Gene Roddenberry, aliyeianzisha, akajiweka kando na shughuli za kila siku, na utayarishaji ukashikwa na Fred Freiberger. Episodi ya dakika kama 50 ilipaswa kupigwa picha kwa siku sita au saba, na muswada wenye kasoro haukuwa na wiki ya ziada ya kurekebishwa. Siku ya kurusha ikifika, kinarushwa kilichopo.

Hapa ndipo penye kiini cha jibu langu. Episodi ya televisheni hupita mikononi mwa watu wengi kwa zamu: mwandishi, mwongozaji, mpiga picha na watu wake wa taa, fundi wa mavazi, waigizaji, mhariri wa picha, mtunzi wa muziki. Mmoja akikosea, hasa mwandishi, wengine hawaachi kufanya kazi yao vizuri. Mtu wa taa hajui kama muswada ni upuuzi, na hata akijua atapanga taa zake vile vile. Kwenye episodi nzuri hadithi inakubeba, husahau kabisa kwamba kuna taa. Kwenye episodi mbovu hadithi inakuachia, na jicho lako linapata nafasi ya kuwaona mafundi mmoja mmoja. Rafiki yako ameyahisi hayo, ila hakuyapatia maneno.

Tuichambue hiyo hiyo iliyowachekesha. Mwanamke asiyejulikana anatokea ghafla ndani ya Enterprise, meli ya anga ya Kirk, anabonyeza kifaa mkononi, wote wanazimia. Wakiamka, Spock yuko kitandani hospitalini na ubongo wake haupo. Wana saa 24 kuurudisha. Sasa rudi kwenye onyesho linalofuata, la chumba cha uongozi. Kirk anafuata nyayo za chombo kile mpaka kwenye nyota yenye sayari tatu zinazoweza kukaliwa na watu, na muda hautoshi kuzipekua zote. Anawauliza maofisa wake mmoja mmoja, Chekov anasoma takwimu, Sulu anakisia, wanabishana. Katikati ya mjadala huo Uhura, ofisa wa mawasiliano, mwanamke mweusi, anauliza swali ambalo hakuna mwingine aliyelifikiria: wanautakia nini ubongo wa Spock? Utafanya kazi gani kwao? Swali hilo ndilo ufunguo wa hadithi nzima, na anapewa Uhura alitoe. Angalia Kirk anavyogeuka kumtazama. Ni dakika chache za watu wenye akili wakitafuta jibu kwa pamoja, na zimeandikwa vizuri kweli.

Jibu la swali hilo nalo si wazo baya. Chini ya sayari ile yenye barafu kuna mji unaoendeshwa na mtambo: joto, hewa, maji, vyote. Wanawake wanaoishi humo hawajui mtambo unafanyaje kazi. Elimu yote imehifadhiwa kwenye kofia moja waliyorithi kwa wahenga wao. Anayeivaa anajua kila kitu kwa saa chache tu, kisha inamtoka. Mtambo unahitaji ubongo wa kuuongoza na wa zamani umechakaa, ndiyo maana wameiba. Jamii inayoishi kwa teknolojia iliyosahau ilivyotengenezwa ni wazo zito la hadithi za kisayansi. Coon hakukosea kwenye wazo. Alikosea kwenye matukio ya kulifikisha.

Kisha kuna onyesho la upasuaji. McCoy anavaa ile kofia, anapata elimu ambayo hakuna daktari wa zama zake aliye nayo, na anaanza kazi kwa wepesi wa kushangaza. Halafu elimu inaanza kumtoka huku kichwa cha mgonjwa kikiwa wazi. Hakuna fedha iliyotumika hapo: kizuizi kinaficha utosi wa Spock, hatuoni damu wala ubongo. Kilichopo ni uso wa DeForest Kelley, anayeigiza McCoy. Tazama macho yake pale mikono inapoanza kusita. Anaigiza mtu anayesahau jambo akiwa katikati ya kulifanya, na haongezi hata chembe ya mbwembwe. Zima sauti uangalie dakika hizo tu, huenda hutacheka.

Sasa, kilichomtoa mdogo wako sebuleni. Nadhani ni Spock asiye na ubongo akitembezwa kwa rimoti, kitufe kikibonyezwa kwa kila hatua. Alikuwa na haki ya kucheka. Lakini kosa halikuanzia kwenye hatua zile. Lilianza mapema, pale ilipoamuliwa kwamba mwili uende sayarini pamoja nao. Ukitazama kwa jicho la mwandishi sababu inaeleweka: stelingi anayependwa na watazamaji hawezi kulala kitandani saa nzima, na upasuaji wa mwisho unahitaji mwili uwe karibu na ubongo. Lakini meli ile ina mtambo wa kuhamisha watu. Mwili ungeweza kubaki hospitalini na kushushwa dakika ya mwisho, na muda wote wa kati Spock angekuwa sauti tu. Sauti ya Leonard Nimoy, anayeigiza Spock, ikitoka ukutani, ya mtu asiyejua mwili wake uko wapi, ingeogopesha kuliko rimoti. Badiliko hilo moja halihitaji senti ya ziada, na lingeondoa sehemu kubwa ya kichekesho.

Hayo niliyoyafanya hapo juu unaweza kuyafanya mwenyewe kwa episodi yoyote. Mara ya kwanza iangalie yote, bila kusimamisha na bila simu mkononi, na uandike namba moja tu: dakika uliyoacha kuiamini. Usiandike maoni. Kesho yake rudi dakika kumi nyuma ya namba hiyo uangalie kutoka hapo, kwa sababu kosa la hadithi huwa linatangulia kicheko. Linafanyika pale mhusika anapoamua jambo bila sababu, au pale kanuni ya dunia ile inapovunjwa, halafu matokeo yake yanaonekana baadaye. Wanaoanza hukosea hapa: wanalaumu onyesho linalochekesha na kuliacha lile lililolisababisha.

Ukishalipata kosa, jiulize ni la nani. Ni la wazo, la mpangilio wa matukio, la mazungumzo, la uongozaji, la uigizaji, au ni fedha na muda tu? Chagua moja kwanza, hata kama unaona matatu. Baada ya hapo chukua kipande kimoja kati ya mapumziko mawili ya matangazo. Kwenye Star Trek ya kwanza kuna utangulizi na vipande vinne, kila kimoja kama dakika 12, na utavitambua kwa picha kufifia kuwa nyeusi. Kiangalie bila sauti, kisha kisikilize bila picha. Bila sauti utaona taa na namna watu walivyosimamishwa; bila picha utasikia kama mazungumzo yanajitosheleza, na muziki unabeba mzigo wa nani. Mwisho andika mistari mitatu ya kuirekebisha kwa badiliko moja tu, na badiliko hilo lisiongeze gharama. Ukiona huwezi kuirekebisha bila kubadilisha vitu vitano, basi wazo lenyewe lilikuwa bovu, na hapo usipoteze siku nyingine.

Kuhusu kujidanganya, kuna kipimo rahisi. Zuri la kweli lina dakika yake na lina mtu wake. Ukiweza kusema "dakika ya fulani, mwigizaji fulani alifanya hivi, na ingekuwa vinginevyo onyesho lingekufa", umeliona. Ukijikuta unasema "lakini walijitahidi" au "kwa wakati ule ilikuwa sawa", hapo unatetea tu. Raha ya kucheka kazi mbovu nayo ni halali kabisa, msinyimane na mdogo wako. Ila ni raha nyingine, na haitakufundisha kuandika.

"Threshold" ya Voyager, tamthilia nyingine ya Star Trek, iliyorushwa Januari 1996, itakupa kazi nzuri ya aina hii. Rubani Tom Paris anavunja kikomo cha mwendo ambacho tamthilia nzima ilikuwa imeshasema hakivunjiki, kisha mwili wake unaanza kubadilika. Nusu ya kwanza ina nguvu: kijana aliyewahi kuharibu jina lake anataka jina jipya, na mwili unamlipisha. Robert Duncan McNeill, anayeigiza Paris, anaigiza maonyesho ya hospitalini akiwa amefunikwa tabaka juu ya tabaka, na bado unamwona mtu mle ndani, mwenye hasira na hofu. Kazi ya upodozi ya Michael Westmore na wenzake ilipata tuzo ya Emmy mwaka huo, na iliistahili. Tazama ngozi inavyobadilika onyesho hadi onyesho bila kuruka hatua.

Inaanguka kwenye sayansi. Episodi inadai kwamba Paris amepitia mageuzi ya mamilioni ya miaka kwa siku moja, kana kwamba mageuzi ni barabara iliyochorwa tayari na mtu anaweza kuikimbia. Mageuzi hayafanyi kazi hivyo. Hutokea kwa jamii ya viumbe kizazi baada ya kizazi, kutegemea nani anaishi na kuzaa katika mazingira gani. Mtu mmoja hageuki, na hakuna mwisho uliopangwa wa kuufikia. Kwa sababu kanuni hiyo imevunjwa, mwandishi anaweza kufanya lolote, na analifanya: Paris na Kapteni Janeway wanaishia kuwa viumbe kama mijusi ya majini, wanazaa, kisha wanatibiwa na maisha yanaendelea. Tatizo kubwa kwa mwandishi ni hayo mawili ya mwisho. Jambo zito namna hiyo limetokea na hakuna aliyebeba kovu.

"Shades of Gray" ya The Next Generation, Julai 1989, nakushauri uiruke, au uiangalie dakika kumi za mwanzo ukijua hesabu iliyoizaa. Mgomo wa waandishi wa 1988 ulikuwa umekata msimu wa pili ukabaki na episodi 22, na fedha zilikuwa zimeliwa na episodi za gharama kubwa kama "Q Who", ile iliyowaleta Borg, maadui wakubwa wa tamthilia hiyo, kwa mara ya kwanza. Msimu ukafungwa kwa episodi iliyopigwa picha kwa siku tatu: Riker, msaidizi wa kapteni, amelala mgonjwa na kukumbuka vipande vya episodi za nyuma. Rob Bowman aliongoza zote mbili. Ukiziweka bega kwa bega utaelewa bajeti ni nini kuliko kitabu chochote kitakavyokueleza. Zaidi ya hapo sioni cha kukupa.

Uhaba lakini hauzai ubovu kila mara, na msimu wako wa tatu una ushahidi. "Spectre of the Gun" haikuwa na fedha ya mji kamili wa kikauboi, wa ng'ombe na bastola, basi wakasimamisha kuta za mbele tu chini ya anga jekundu, na hadithi ikaeleza kwamba mji huo umechotwa vipande vipande kutoka akilini mwa Kirk. Ukosefu ukageuka ndoto.

Ile itakayomfaa mdogo wako ni "Let That Be Your Last Battlefield" ya 10 Januari 1969, miezi tisa baada ya Martin Luther King kuuawa Memphis. Watu wawili wa sayari moja, nyuso nusu nyeusi na nusu nyeupe, wanachukiana kwa sababu mmoja ni mweusi kulia na mwenzake kushoto. Ujumbe unapigwa kama ngoma, hakuna ujanja ndani yake, na chombo cha mmoja wao eti hakionekani, jambo ambalo pia liliokoa fedha. Lakini subiri onyesho la Kirk kutishia kuilipua meli yake mwenyewe. Yeye, Spock na fundi mkuu Scotty wanataja namba za siri kwa zamu, kamera ikisogea mpaka ibaki na macho na midomo. Hakuna risasi wala mlipuko, ni watu watatu wakisoma namba, na kifua kinabana. Namba hizo hizo zilitumika tena kwenye filamu ya tatu ya Star Trek mwaka 1984.

Nimeiacha "Code of Honor" makusudi, kwa kuwa hiyo kipimo chake ni kingine. Ni episodi ya mwanzoni mwa The Next Generation, Oktoba 1987. Sayari nzima ni ya watu weusi, na wameoneshwa kama kabila la kale lenye kiongozi anayeteka mwanamke wa kizungu na kumpiganisha mpaka kifo. Mwongozaji aliondolewa kabla ya kumaliza, Les Landau akamalizia. Jonathan Frakes, aliyeigiza Riker, ameikosoa hadharani. Ndani yake kuna onyesho fupi, Data, ofisa ambaye ni roboti mfano wa mtu, akijaribu kumchekesha mwenzake Geordi anayenyoa ndevu, ambapo urafiki wao unaanza kuonekana, na ni zuri kweli. Lakini huna deni la kulitafuta. Kasoro za fedha au haraka tunaweza kuzichambua kwa utulivu. Dharau kwa watu ni kosa la aina nyingine, na onyesho zuri la dakika mbili halilifuti. Inauma zaidi ukikumbuka kwamba miaka 21 kabla yake, ndani ya "The Man Trap", Uhura alisimama kwenye ukumbi wa meli akazungumza Kiswahili na mtu aliyemdhania ni mwenzake, na hakuna aliyemwona kituko.

Mkiiangalia hiyo, msimwache mdogo wako aimalize peke yake. Kaa naye, muulize ameona nini kabla hujamwambia wewe umeona nini. Kijana wa miaka 16 anaweza kucheka kitu kilichomuumiza, na jambo hilo linazungumzika ana kwa ana, halizungumziki kwa makala kama hii.

Na kwa upande wako wa uandishi, uchambuzi wa sebuleni una mwisho wake. Ukishachambua episodi tano au sita kwa namna niliyoeleza na ukaona makosa yale yale yanajirudia kwenye miswada yako bila wewe kujua pa kuyashikia, tafuta mtu wa fani wa kukaa naye meza moja: mhariri wa picha anayeweza kukuonesha onyesho moja likikatwa kwa namna tatu, au mwalimu wa chuo cha sanaa kama TaSUBa kule Bagamoyo. Mpelekee kurasa tano tu, si muswada mzima, pamoja na swali moja mahususi.

Kwa usiku wa leo, endeleeni na inayofuata kwenye orodha yenu. Ni "The Enterprise Incident" ya D.C. Fontana, iliyorushwa wiki moja tu baada ya "Spock's Brain", 27 Septemba 1968. Mtayarishaji ni yule yule na saa ni ile ile mbovu ya Ijumaa, lakini muswada ulikuwa umekaza. Mtazameni Joanne Linville kama kamanda wa Waromulani, maadui wa Enterprise, hasa anapozungumza na Spock wakiwa wawili tu.